Kompyuta haikusikii, au hujaipa nafasi? Maneno yangu kwa watu wa steshenari na maofisi ya Arusha

(Haya ndo niliyoongea Jumamosi Ngarenaro kwenye kikao chetu cha watu wa steshenari, makatibu na waandishi. Mlionitumia meseji kwamba mlikuwa kazini, nimewawekea yote kama nilivyoyasema, picha za ukutani tu ndo nimeziruka.)

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu shikamooni. Machalii na madada, mambo vipi? Asanteni kwa kuja, najua kuna watu hapa wamefunga duka, na kufunga steshenari Jumamosi msimu huu wa maombi ya vyuo ni hasara ya kweli kabisa, kwa hiyo sitawazungusha.

Nimeitwa niongelee hizi programu ambazo wewe unaongea na kompyuta inaandika. Kabla sijaanza naomba mikono. Nani hapa ameshawahi kuijaribu? Eee, wengi. Haya shusheni. Sasa nani alijaribu halafu akaacha? Mnaona wenyewe, mikono ni ile ile! Na nikimuuliza kila mmoja kwa nini aliacha nitaambiwa kitu kimoja, haisikii. Haisikii lafudhi yetu, imetengenezwa kwa ajili ya Wazungu, sisi haitutaki. Nimesikia hiyo habari mpaka nimezoea.

Jamani, lafudhi ina mchango wake, sikatai. Ila kwenye mashine nyingi ninazofunguaga hapa mjini tatizo la kwanza halikuwa lafudhi. Ramu, yaani memori ambayo kompyuta inafanyia kazi, ilikuwa ndogo, na faili la mtumiaji, yaani pale programu inapotunza inavyoijua sauti yako, lilikuwa limetelekezwa. Narudia kwa mliokaa nyuma: ramu, na faili la mtumiaji. Mtu ananunua hedseti ya bei, anabadilisha programu mara tatu, anailaumu shule aliyosomea Kiingereza, na wakati huo wote hajawahi hata siku moja kufungua setingi akaangalia hayo mawili.

Na kwa nini tuhangaike nayo? Kwa sababu kazi ya kugeuza maneno ya mdomo yawe karatasi, mji huu unaijua siku nyingi. Ile Mahakama ya Rwanda, ya kesi za mauaji ya kimbari, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliianzisha Novemba 1994 kwa azimio namba 955, na vikao vyake vikawa hapa hapa, pale AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, mpaka ikafungwa 31 Desemba 2015. Shahidi anaongea Kinyarwanda, mkalimani anasema, halafu kuna mtu kazi yake ni kuhakikisha kila neno limeandikwa, Kiingereza na Kifaransa, kila neno! Leo tunayo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, tunayo Jumuiya ya Afrika Mashariki, tuna makampuni ya utalii yanaandika ratiba za safari usiku na mchana, mawakili ndo usiseme. Maneno ya kutaipu yapo. Swali ni nani atayataipu na kwa muda gani.

Sasa sikilizeni hii habari maana ndo inabeba kila kitu nitakachosema. Kuna mtu na mke wake huko Marekani, James na Janet Baker. Huyu James mwaka 1975 akiwa chuo cha Carnegie Mellon alishatengeneza mfumo wa kompyuta kutambua maneno kwa kukisia, yaani kwa hesabu za uwezekano, sauti hii inawezekana ni neno gani ukizingatia neno lililopita. Akauita Dragon. 1975! Nyerere bado ni rais. Mwaka 1982 wakafungua kampuni yao, na 1990 ndo wakauza DragonDictate, bei dola 9,000, na kwa hela yote hiyo ulikuwa unaongea neno moja, unasimama, neno moja, unasimama, kama mtoto anasomeshwa silabi. Programu ya kuongea mfululizo kama watu wanavyoongea, ile Dragon NaturallySpeaking, ilikuja 1997 kwa dola 695.

Hebu niulize, kutoka 1975 mpaka 1997 walikuwa wanasubiri nini? Hesabu si zilikuwepo? Msingi wa hesabu ulikuwepo! Kompyuta ndo zilikuwa hazina pa kuziweka hizo hesabu zikafanya kazi kwa haraka unayoongea wewe. Walikuwa wanasubiri prosesa zenye nguvu, na walikuwa wanasubiri ramu. Wenye akili wote wale, wamesubiri ramu zaidi ya miaka 20, halafu wewe unataka kuiendesha kwenye laptopu ya GB 2 ambayo imefungua Chrome ina tabo kumi na tano na redio ya mtandaoni inaimba. Inawezekana kweli?

(Kampuni yenyewe baadaye iliuzwa kwa Wabelgiji, Wabelgiji wakafilisika, ikapita mikono mingine mpaka ikawa Nuance, na 2022 Microsoft wakainunua Nuance nzima. Hayo ni ya wenye hela, tuyaache.)

Twende kwenye ramu.

Kuna dada mmoja ana steshenari maeneo ya Stendi Ndogo, amenunua laptopu ya mtumba, kaambiwa na muuzaji hii ni kali dada yangu, ina GB 500. Kaja kwangu nayo analalamika: naongea sentensi nzima, kimya, kimya, halafu maneno yanatoka yote kwa mpigo na nusu yake hayapo. Nikafungua, kweli GB 500 zipo, lakini hizo ni za hadi diski, za kutunzia mafaili. Ramu ilikuwa GB 4, na Windows na Chrome zilishakula karibu zote kabla dada hajafungua mdomo.

Mama ntilie anaweza kuwa na magunia kumi ya mchele stoo, lakini kama ana mafiga ya sufuria moja tu, saa saba mchana wateja watakaa kwenye benchi wanamwangalia. Stoo ndo hadi diski, mafiga ndo ramu. Huyu dada alinunua stoo.

Sasa kwa nini hii programu inataka mafiga mengi kuliko Word? Kwa sababu unapoongea inashika vitu viwili kwa wakati mmoja na vyote ni vikubwa. Cha kwanza ni namna sauti zinavyosikika, kila herufi ikiwa mwanzo wa neno, ikiwa katikati, ikiwa mwisho, kwa mdomo wa mtu kama wewe. Cha pili ni maneno yenyewe, makumi elfu ya maneno, na neno lipi huwa linapenda kufuatana na lipi. Ukisema "right" kwa Kiingereza, inajuaje ni hili au ni "write"? Sauti ni moja. Inajua kwa kuangalia majirani, na ili iangalie majirani wale lazima wawe mezani muda huo, kwenye ramu. Ramu ikijaa, Windows inaanza kupeleka vitu kwenye hadi diski na kuvirudisha, kupeleka na kurudisha, na hadi diski ya zamani ile inayozunguka ni taratibu mno, utaona taa yake ndogo inawaka bila kupumzika. Wewe umeshaongea sentensi ya tatu, yenyewe bado inatafuta majirani wa ya kwanza. Hapo ndo unasema haisikii lafudhi!

Ukitaka kujua wala usiniite mimi, bonyeza Ctrl na Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya performansi, angalia memori. Washa programu yako ya sauti, fungua Word, anza kuongea huku unaangalia. Ikikaa zaidi ya asilimia 90 hapo acha kabisa kulaumu ulimi wako.

Na namba? Dragon toleo la 15 wenyewe waliandika kiwango cha chini ni ramu GB 4, na wanashauri 8. Mimi nawaambia hiyo 4 ni ya mtu asiyefungua kitu kingine chochote, na mtu huyo Arusha simjui. Chukua 8. Ila kabla hujakimbilia kununua kipande cha ramu angalia mambo haya maana nimeona watu wanapigwa. Ramu zina aina, na ya aina ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, hata ukilazimisha, zimekatwa tofauti makusudi. Laptopu nyingine nyembamba ramu imeunganishwa kwenye bodi moja kwa moja, hakuna pa kuongeza, uliza kabla ya kununua mashine. Na kama umewekewa Windows ya biti 32, hata ukijaza ramu GB 16 haitatumia hata GB 4 kamili, hela yako imelala. Hilo la biti 32 lipo sana kwenye mashine za mtumba, fundi anaweka CD aliyonayo tu basi.

Kama huna hela ya ramu sasa hivi, kuna setingi ndani ya Dragon, kama mstari wa kuvuta, upande mmoja kasi upande mwingine usahihi. Kwenye mashine dhaifu ivute kidogo upande wa kasi. Wengi wanaona neno usahihi wanaisukuma mpaka mwisho, halafu kompyuta inakuwa kama imekunywa mbege.

Najua kuna wanaojiuliza sasa hivi, mbona unaongelea Dragon, Dragon inajua Kiswahili? Haijui. Tuseme ukweli, Dragon ni ya Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, na lugha nyingine chache, Kiswahili hakuna. Kwa hiyo inawafaa wanaoandika Kiingereza kwa wingi, watu wa utalii, watafiti, mawakili. Kwa Kiswahili tuna njia mbili ambazo nazipenda mimi. Moja ni ya Google, unafungua Google Docs ndani ya Chrome, unachagua Kiswahili cha Tanzania, unaongea. Hapo kazi nzito haifanyiki kwenye mashine yako, sauti inasafiri inaenda kwenye kompyuta zao inarudi maandishi, kwa hiyo ramu ndogo inavumilika lakini bando likiisha na kazi imeisha. Nyingine ni Whisper ya OpenAI, hii ilitoka Septemba 2022, imefundishwa kwa saa 680,000 za sauti za lugha nyingi na Kiswahili kikiwemo, na unaweza kuiendesha kwenye mashine yako mwenyewe bila intaneti, hailipiwi.

Na Whisper ndo inaonyesha habari ya ramu waziwazi kuliko zote, maana inakuja kwa saizi kama viatu. Ile ndogo kabisa faili lake ni kama megabaiti 75, inakula ramu isiyofika megabaiti 300 ukitumia whisper.cpp, programu ya kuiendeshea Whisper kwenye kompyuta ya kawaida. Inayoitwa small ni megabaiti 466, ramu kama 850. Medium faili gigabaiti moja na nusu, ramu GB 2 na kidogo. Ile kubwa inakaribia GB 3 na inataka ramu kama GB 4 peke yake. Kwa Kiingereza hata ile ndogo kabisa inajitahidi. Kwa Kiswahili ile ndogo kabisa ni kichekesho, jamani, utacheka mpaka ulie, anza na medium kwenda juu. Yaani Mswahili anahitaji ramu nyingi kuliko Mwingereza ili asikike sawasawa, na hilo si haki lakini ndo lilivyo kwa sasa, kwa sababu sauti za Kiswahili kwenye yale mafunzo zilikuwa kidogo mno.

Haya, ramu tumemaliza. Mmechoka? Hamjachoka.

La pili, faili la mtumiaji. Hapa naomba mniazime masikio kweli.

Dragon ukiiwasha mara ya kwanza inakuuliza wewe ni nani. Unaandika jina, unachagua lafudhi, unachagua aina ya maiki, inakusikiliza kidogo, inaangalia na nguvu ya kompyuta, halafu inakutengenezea faili lako, wengine wanaita profaili. Kwa kweli si faili moja, ni folda nzima yenye vitu vingi ndani. Humo ndo inaweka inavyoijua sauti yako, maneno uliyoiongezea, masahihisho uliyoyafanya, na setingi zako. Programu inapatikana dukani. Hilo folda halipatikani dukani, unalilea wewe mwenyewe mwezi kwa mwezi.

Kuna ofisi moja ya mambo ya safari, sitaitaja, wana kompyuta moja na watu watatu wanaingiza ratiba. Baba mmoja sauti nzito kama ngoma, dada wawili, mmoja wao anaongea haraka kama anagombana. Wote watatu faili moja! Limeandikwa jina la bosi. Asubuhi linajifunza sauti ya baba, mchana linafundishwa kwamba hapana, sauti ni hii nyembamba, jioni linaambiwa vingine. Baada ya muda likawa halimsikii yeyote, na kila mmoja anaamini mwenzake ndo kaliharibu. Nikawatengenezea matatu, kila mtu lake, wiki mbili baadaye yule dada wa haraka haraka kanipigia anasema sasa hivi inaniandikia vizuri kuliko ninavyoandika mwenyewe.

Mtu mmoja faili moja. Semeni na mimi. Mtu mmoja? Faili moja! Hata kama ni mume na mke. Hata kama ni pacha.

Na maiki nayo. Faili lilijifunza ukiwa na hedseti, leo hedseti imekatika waya unatumia maiki ya laptopu iliyoko mbali na mdomo na inasikia mpaka pikipiki za nje, unategemea nini? Ndani ya faili hilo hilo Dragon inakuruhusu kuongeza chanzo kingine cha sauti, kingine cha hedseti, kingine cha rekoda. Ongeza, usichanganye. Na kwenye kuchagua lafudhi wengi wanaacha ile ya Marekani kwa sababu imekaa mbele, sisi tuliofundishwa kusema kwa mtindo wa Uingereza jaribuni ya Uingereza kwanza, halafu linganisha mwenyewe.

Sasa majina. Hii ndo inawakatisha tamaa watu wa utalii. Unasema Mto wa Mbu, inaandika vitu vya ajabu. Unasema Ndutu, Olduvai, Karatu, Ngarenanyuki, kila kimoja inakupa sentensi ya Kiingereza isiyokuwa na maana. Unakasirika, unafuta, unataipu kwa mkono, unaendelea. Na hapo ndo unalinyima faili lako chakula! Ukifuta na kutaipu juu, kimya kimya, programu haijui kama ilikosea, inaona umebadilisha mawazo tu. Itumie ile amri ya kusahihisha, iambie hapa ulikosea nilisema hivi, ndo inaandika kwenye faili lako isikosee tena. Inachosha wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza tu.

Na njia ya mkato ipo. Fungua daftari la kawaida la Windows, ile Notepad, andika majina yote unayoyatumia, moja kila mstari, hoteli, vijiji, mito, majina ya waongozaji, hifadhi. Lile neno ambalo linaandikwa tofauti na linavyotamkwa, unaandika linavyoandikwa, unaweka mkwaju ule wa kulala nyuma (\), halafu linavyotamkwa. Kisha unaingiza orodha nzima kwenye kamusi ya faili lako kwa mpigo. Halafu inyweshe na nyaraka zako za zamani, ratiba za mwaka jana, mikataba, ina sehemu ya kujifunza kutoka kwenye nyaraka, inazisoma inajua wewe ni mtu ambaye neno Ngorongoro linafuatwa na neno kreta na si vinginevyo. Kampuni moja ikitengeneza orodha hiyo inawapa wafanyakazi wote, kila mtu anaiingiza kwenye faili lake.

Whisper hayo haina, haikulei wala haikukumbuki, kila siku mnakutana upya. Ila unaweza kuipa sentensi fupi ya kuanzia yenye majina hayo, nayo inaelekea huko. Ni fupi kweli, usijaze kamusi.

Sasa la kusevu, na hili limewaliza watu wazima.

Wakili mmoja hapa mjini, mtu makini sana, kila jioni anafunga kompyuta, Dragon inamuuliza, umefanya mabadiliko kwenye faili la mtumiaji, nisevu? Yeye anabonyeza hapana. Kwa nini? Kwa sababu barua yake ameshaisevu kwenye Word! Anadhani anaulizwa barua. Kila jioni, hapana. Kila asubuhi programu inaamka haina kumbukumbu ya jana, inakosea makosa yale yale, na wakili anasema hii kitu haina akili, haijifunzi. Bwana wewe, unaifuta akili yake kila jioni kwa mkono wako! Siku ukiulizwa, sema ndio. Isipokuwa siku una mafua na sauti imekauka, siku hiyo kweli sema hapana, usilifundishe faili lako mafua.

Lingine, chuo kimoja wana maabara ya kompyuta ambazo zimegandishwa, yaani ukizima na kuwasha kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa, virusi vinaondoka na kazi yako inaondoka. Kulikuwa na mwanafunzi ana shida ya mikono, hawezi kutaipu muda mrefu, programu ilikuwa imewekwa kwa ajili yake kabisa, na kila asubuhi anaanza upya kujitambulisha. Hakuna aliyefikiria kwamba mahali faili linapokaa panaweza kubadilishwa! Wakalihamishia sehemu ya diski isiyogandishwa, basi, kijana akamaliza ripoti yake. Ofisi kubwa zenye seva wana njia nyingine, toleo la Professional linaruhusu faili mama likae kwenye seva na nakala kwenye kila mashine, unakaa kiti chochote sauti yako ipo. Kwa steshenari zetu hiyo si lazima.

Na umeme. Nani hapa umeme haujawahi kumkatikia katikati ya kazi? Hakuna. Ukikatika wakati faili la mtumiaji linaandikwa, linaweza kuvunjika katikati, kesho likawa halifunguki kabisa. Laptopu yenye betri nzima haina wasiwasi huo, ila wenye kompyuta za mezani hata UPS ndogo, ile betri ya akiba inayokupa dakika tano, inatosha kusevu na kuzima kistaarabu. Dragon yenyewe inajiwekea bakapu baada ya kusevu mara kadhaa, lakini bakapu hiyo inakaa kwenye diski ile ile, diski ikifa vinakufa vyote.

Kwa hiyo toa nakala nje. Na usiende kwenye folda ukafanya kopi na pesti kama nyimbo, watu wanafanya hivyo halafu faili likirudishwa linagoma. Ndani ya programu kuna sehemu ya kusimamia watumiaji, humo kuna kuhamisha nje na kuingiza ndani, tumia hiyo, halafu folda uliyopata ndo uweke kwenye flashi. Flashi isiyokuwa ya wateja tafadhali! Flashi za wateja wetu tunazijua zinavyokuja na virusi.

Kuna kitu kimoja watu hawakijui. Hilo faili likiachwa kwenye setingi zake linatunza na sauti. Sauti yenyewe, unavyoongea, ili baadaye ijipime ijirekebishe. Sauti ya aina hii, sampuli 16,000 kwa sekunde na biti 16, saa moja ni kama megabaiti 115, ndo maana wengine wanaona diski inajaa hawajui nini kinajaza. Diski ni jambo dogo. Wakili akisoma maelezo ya mteja wake kwa sauti, ile siri ya mteja ipo humo kwenye kompyuta na inasikika. Halafu kompyuta inauzwa kwa fundi. Mnaelewa? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeshaanza kutumika tangu Mei 2023, na sauti ya mtu inayomtambulisha sioni utaiepushaje na sheria hiyo. Kabla ya kuuza mashine, hamisha faili lako, lifute pale, na futa na yale ya bakapu. Wanaotumia Google nao wakumbuke sauti inaondoka nje ya ofisi, kwa barua ya mwaliko wa harusi haina shida, kwa kesi ya mtu fikiria mara mbili.

Naona mama pale ananionyesha simu. Simu je? Mama yangu, simu Google waliiwekea Kiswahili cha kuongea Agosti 2017, kwa hiyo kwenye Gboard, ile kibodi ya Google, ipo. Ingia kwenye setingi za lugha, angalia umewekewa Kiswahili cha wapi, wengi wanakuta cha Kenya, weka cha Tanzania. Halafu kuna kamusi binafsi humo, ongeza majina ya wateja wako na mitaa, itakusaidia walau ukiwa unataipu kwa vidole.

Nimeleta laptopu mbili, moja ya GB 4 na moja ya GB 8, zote zina Whisper ile ya medium na rekodi moja ya dakika mbili ya Kiswahili. Tutaziwasha kwa pamoja muone wenyewe ipi inamaliza kwanza. Wakati zinawaka tuchukue maswali. Mzee mwenye koti la kijivu ulinyoosha tangu mwanzo, samahani baba, mpeni maiki.